Heshima ni ya Elimu au ni ya Mwanaadamu?

Tumeletewa masuali kutoka upande wa Ziwa, katika nchi iliyokuwa zamani ikiitwa Nyanza ya Kusini, na ambayo leo ni kaunti mbili za Kenya, Homa Bay na Migori. Aliyeyaleta ni kijana Mwislamu, Mjaluo wa Homa Bay, anayesoma fasihi ya Kiingereza katika chuo kimoja upande wa Migori. Jina lake hatulitaji, kwani tulitakalo ni suali wala si mwenye kuuliza. Ametuandikia daftari zima juu ya vitabu vya Waingereza vya karne ya kumi na nane, na mwisho wake akauliza mambo mawili. La kwanza: Je, yafaa Mwislamu kujifunza khabari za akili na uhuru kwa watu ambao, katika zama zile zile walizokuwa wakiyaandika hayo, marikebu za nchi yao zilikuwa zikiwachukua Waafrika kwenda kuuzwa? La pili, na hili amelisema kwa adabu ila halikosi makali: Nyinyi masheikh zetu wa pwani mwawalaumuje watu hao, na neno "mshenzi" lingalimo katika vinywa vya watu wenu?

Walikuwapo katika darasa letu walioshauri kuwa la kwanza tulijibu na la pili tulinyamazie. Hatukukubali. Mwenye kuuliza haki hajibiwi kwa kununiwa.

Yawapasa kwanza wasomaji wetu wa mijini wajue nchi anayotoka muulizaji, kwani wako wadhanio kuwa Uislamu ukipita Nairobi huishia njiani. Kendu Bay, iliyoko Homa Bay, ni bandari ya zamani ya Ziwa Victoria, na ina msikiti wa zamani na koo za Waislamu wa Kijaluo tangu siku za babu zao. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli zikazunguka Ziwa, wafanya biashara wa Kiswahili na wa Kihindi walikwenda nazo, na dini ikaenda pamoja nao. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, asili yake ni nchi hiyo, na Uislamu aliuingia kwa khiari yake mwenyewe. Na karibu na hapo hapo Kendu, mwaka 1906, wamisionari wa Kiadventista waliweka kituo chao Gendia. Basi mtoto wa Kiislamu wa nchi ile hukua baina ya chuo cha Kurani na skuli ya misheni. Baba zetu wa pwani waliweza kukiepa kitabu cha Kizungu, na wengi walikiepa, na hasara yake twaijua. Yeye hakuwa na pa kukiepea.

Zama anazozisoma huitwa huko Ulaya Zama za Mwangaza. Muradi wa jina hilo ni kuwa akili ya mtu ni taa, na kuwa waliotangulia waliishi gizani kwa kuwafuata wakubwa wa kanisa na wa dola bila ya kuwauliza hoja. John Locke, aliyekufa mwaka 1704, ni katika walioufungua mlango huo kwa Waingereza. Na David Hume wa Scotland (1711–1776) aliupita mpaka mwisho wa ukumbi, hata akatilia shaka miujiza ya mitume. Katika hilo la miujiza hatuna haja ya kurefusha. Majibu yake yamo katika vitabu vya tauhidi, na kijana mwenyewe ameyajibu vyema kuliko tulivyotazamia.

Lakini ule wito wa asili, kuwa mtu asikubali neno kwa sababu tu limesemwa na mkubwa, huo si mgeni kwetu hata tuukimbie. Kurani imewalaumu mahali pengi wale ambao hoja yao yote ni kuwa waliwakuta baba zao katika jambo. Sheikh Muhammad Abduh (aliyekufa 1905) aliupigia kelele ugonjwa huo Misri, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) akaupigia kelele Mombasa katika "Sahifa" na katika "Al-Islah" aliyoianzisha mwaka 1932, na tusi alizozipata kwa ajili hiyo wazee wetu wanazikumbuka. Hatusemi kuwa Sheikh Al-Amin alikuwa mwanafunzi wa Hume. Twasema kuwa mwenye kuogopa suali hakuipata ogopa hiyo katika Kurani.

Hapa ndipo tunapolijibu suali la kwanza, na jibu lake ni fupi. Katika mwaka wa pili wa Hijra, wafungwa wa Badr wasiokuwa na mali ya kujikombolea, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Watu hao walikuja na panga kumwua Mtume (s.a.w.). Hakusema kuwa herufi zilizopita mkononi mwa mshirikina zina najisi. Walifundisha khati, na masanamu yao wakarudi nayo Makka. Basi kijana asome. Wala asiulizwe na mtu kwa nini anasoma.

Ugumu uko kwingine, na daftari lake limeugusa mahali wengi wasipougusa.

Ametumia kurasa nyingi kwa kisa cha Rasselas, alichokitunga Samuel Johnson mwaka 1759. Ni kisa cha mwana wa mfalme wa Habash aliyefungiwa katika bonde zuri lenye kila neema, akachoshwa na neema, akatoroka pamoja na dada yake na mshairi mmoja kwenda kutafuta ni maisha gani yampayo mtu furaha. Wakafika Misri, wakawauliza matajiri na masikini, wenye elimu na wachunga kondoo, na hawakumwona aliyetosheka. Johnson hakukanyaga Habash maisha yake. Khabari za huko alizipata kwa padri Mreno, Jerónimo Lobo, ambaye kitabu chake cha safari Johnson alikifasiri mwaka 1735. Na Lobo huyo mwaka 1624 alishukia Pate yetu, akitafuta njia ya bara ya kumfikisha Habash, na njia hakuipata. (Wenzetu wa Lamu watafurahi kusikia kuwa kitabu kinachotahiniwa leo upande wa Migori kina nyayo zilizopita kwao.) Kijana anasema lililompendeza ni kuwa katika kisa chote yule mwana wa mfalme wa Kiafrika hashangaliwi kwa kufikiri. Anafikiri kama mtu, anakosea kama mtu, anahuzunika kama mtu, na mwandishi haoni haja ya kumwombea radhi msomaji.

Kisha akafungua kitabu cha Hume. Mwaka 1753 Hume aliongeza maelezo madogo chini ya ukurasa katika insha yake juu ya tabia za mataifa. Humo akasema kuwa anaelekea kudhani watu weusi ni duni kwa maumbile kuliko weupe, na kuwa hakukuwa na taifa lolote lenye ustaarabu lisilokuwa jeupe. Na aliposikia kuwa kuna mtu mweusi Jamaica mwenye elimu, akamfananisha na kasuku aliyejua maneno machache. Huyu ndiye yule aliyewafundisha Ulaya wasikubali jambo ila kwa ushahidi! Afrika hakufika. Alichokuwa nacho ni uvumi wa wenye mashamba na wenye marikebu, na uvumi huo, ambao angeukataa lau ungekuwa ni wa muujiza, aliukubali mara moja kwa kuwa ulikuwa wa dharau. Mwaka 1770 James Beattie, mwalimu wa Aberdeen, alimrudi katika hilo, akamwuliza ameyajuaje hayo. Suali hilo ndilo alilokuwa Hume akiwauliza wengine wote.

Kijana hapa amefurahi, akaandika kuwa dini imeshinda: Beattie alikuwa mtu wa dini, na Johnson alikuwa mtu wa dini aliyeuchukia utumwa waziwazi, na alipokufa mwaka 1784 sehemu kubwa ya mali yake alimwachia Francis Barber, aliyezaliwa mtumwa Jamaica. Hayo ni kweli. Lakini asifanye haraka. Jumuiya ya kanisa la Uingereza ya kueneza Injili ilikuwa na mashamba yake ya miwa katika kisiwa cha Barbados, na waliolima miwa hiyo walikuwa watumwa. Kuwa na dini peke yake hakukuwaokoa na jambo hilo, kama kuwa na akili peke yake kulivyokuwa hakukumwokoa Hume.

Sasa tumlete mtu mwengine, ambaye katika vitabu vyote anavyovisoma kijana huyu hakuna kisa kinachotuhusu zaidi kuliko chake. Jina lake ni Ayuba bin Suleiman Diallo, wa nchi ya Bundu katika Senegal, mwana wa imamu, hafidhi wa Kurani. Khabari zake zilipigwa chapa London mwaka 1734 na Thomas Bluett aliyemjua. Yapata mwaka 1730 baba yake alimtuma mto wa Gambia, ambako palikuwa na marikebu ya Kiingereza, akauze watu wawili na anunue karatasi na haja nyengine. Msomaji na asome tena maneno hayo. Karatasi za nini, katika nyumba ya imamu? Bila ya shaka ni za kuandikia elimu. Hakupatana bei na nahodha, akavuka mto, akawauza watu wale kwa ng'ombe. Katika kurudi akashikwa na wanyang'anyi, akanyolewa ndevu, akapelekwa kwa nahodha yule yule aliyeshindana naye bei, akauzwa. Akavushwa bahari mpaka Maryland katika Marekani, akatiwa katika shamba la tumbaku.

Alichomwokoa ni karatasi. Aliandika barua kwa Kiarabu kumpelekea baba yake. Barua ikafika London mkononi mwa James Oglethorpe, mmoja wa wakubwa wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, kampuni iliyofanya biashara ya watumwa, ambayo Locke mwenyewe aliwahi kutia fedha zake ndani yake. Barua ikapelekwa Oxford kufasiriwa. Wakubwa walistaajabu: mtumwa anaandika! Akakombolewa, akafika London mwaka 1733, akaandika misahafu mitatu kwa hifdhi, akawasaidia wataalamu katika Kiarabu, akapelekwa mbele ya jamaa ya mfalme, akachorwa sura yake. Hakuacha sala zake, na kwa hilo twamwombea rehema. Mwaka 1734 akarudishwa Afrika kwa heshima.

Na wale wawili? Majina yao hayamo. Wala haijulikani kama walikuwa na jambo la kuandika, kwani hakuna aliyewapa karatasi. Hata mwenzake Ayuba aliyeshikwa pamoja naye alibaki utumwani Maryland Ayuba alipoondoka, na kukombolewa kwake kukaja baadaye.

Tunasema hivi: wale mabwana wa London walimpenda Ayuba kwa kuwa alijua kuandika. Walimtoa shimoni, na shimo wakaliacha wazi. Na kosa lao liko katika mzani. Ukisema kuwa heshima ya mtu ni akili yake, basi atakayepewa kazi ya kusema nani ana akili ndiye atakayesema nani ni mtu. Hume alikaa katika kiti hicho na akahukumu kwa uvumi. Na hata wengi waliompinga walikikubali kiti, wakamletea mweusi huyu mwenye kuandika barua na yule mwenye kutunga shairi, wakisema: mwangalie, huyu ana akili. Hoja hiyo humwokoa mwenye kuletwa. Asiyeletwa humwacha alipo.

Fiqhi tuliyosomeshwa haikupita njia hiyo. Akili kwetu ni sharti ya taklifu: asiyekuwa nayo, sala haimlazimu, wala hana dhambi kwa kuiacha. Lakini akili haikufanywa kuwa sharti ya hurma, yaani ile haki ya mtu ya kutoguswa damu yake wala mali yake. Mwendawazimu akiuawa, ana dia. Mtoto wa saa moja hurithi. Mimba iliyomo tumboni, ambayo haina fikra wala jina, mirathi huzuiwa sehemu yake hata izaliwe. Mtoto aliyeokotwa njiani, asiyejulikana baba wala mama wala kabila, wanavyuoni wamehukumu kuwa ni mwungwana, kwani asili ya mwanaadamu ni uhuru. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Bani Israil alipotaja kuwatukuza wana wa Adam hakutaja skuli. Elimu ina daraja zake, na Kurani imezitaja. Lakini daraja hujengwa juu ya nyumba, na nyumba yenyewe ni uwana wa Adam.

Kijana atatwambia, na ana haki, kuwa katika vitabu hivyo hivyo vya fiqhi mna mlango wa watumwa. Naam, umo. Na waliofungua mlango wa kuwaacha huru, katika kafara ya yamini na ya kuua kwa makosa na nyenginezo, ni wengi katika vitabu kuliko walivyokuwa katika miji yetu. Tena kumteka mtu huru na kumla thamani yake ni haramu isiyokuwa na khitilafu, na Mtume (s.a.w.) amepokea kwa Mola wake kuwa mwenye kufanya hivyo atashitakiwa Kiyama na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Je, wale waliokuwa wakiletwa pwani kwa misafara kutoka bara, ni wangapi waliotekwa kwa vita halali vinavyojulikana katika sharia? Kila mmoja wetu analijua jibu. Soko la Zanzibar halikufungwa mpaka mwaka 1873, na wenye kulifunga hawakuwa sisi. Utumwa wenyewe ulikatazwa kwa kanuni Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Waingereza walipofanya hayo walikuwa na makusudio yao mengine, na hayo tumeyaandika mara nyingi; lakini makusudio yao hayatusafishi sisi. Hume aliihalifu hoja yake katika maelezo ya chini ya ukurasa. Sisi tuliihalifu yetu katika vyombo na misafara, na idadi ya waliopita ndani yake anaijua Mola wao.

Na neno lililobaki nyuma ya biashara hiyo ni hili aliloliuliza kijana. Katika karne ya kumi na tisa, uungwana wa miji yetu, ambao ulikuwa ni mwendo na malezi, ulianza kuitwa ustaarabu, na maana yake kwa asili ni kushika mwendo wa Kiarabu. Aliyekuwa nje ya mwendo huo akaitwa mshenzi. Hatuna ugomvi na adabu ya mji: kuvaa vizuri, kusema kwa taratibu, kumkaribisha mgeni. Ugomvi wetu ni kuwa kipimo cha kanzu na lafudhi kiligeuzwa kipimo cha utu, na hicho ndicho kiti alichokaa Hume. Msomaji atasema kuwa yeye halitumii neno hilo ila kwa mzaha. Abu Dharr alikuwa sahaba, wa mwanzo mwanzo katika kusilimu, na alipomtukana mtu kwa mama yake (wengi husema mtu huyo ni Bilal), Mtume alimwambia kuwa ndani yake mngali na ujahili. Hakumwuliza kama alikuwa akifanya mzaha.

Katika daftari mna jambo moja ambalo kijana amelitaja kwa mistari mitatu tu, wala hakulifanyia hoja. Alikuja likizo moja katika mji wa pwani ambao nasi hatuutaji. Imamu wa mtaa akachelewa. Kijana, ambaye amehifadhi kuliko waliokuwapo, akasogezwa mbele na mmoja wa vijana wenzake. Mzee mmoja akamvuta nyuma, akasema kuwa hapa hapaswalishi watu wa bara. Akaswalisha mwengine, ambaye Fatiha yake, asema kijana, haikuwa na makosa makubwa. Ndivyo alivyoandika: "makosa makubwa". Hakuzidisha.

Basi kwa wenye msikiti huo, popote ulipo, tunawakumbusha masala ambayo mwanafunzi mdogo wa fiqhi huyajua. Muhajirina wa kwanza walipofika Quba kabla ya Mtume (s.a.w.), aliyekuwa akiwaswalisha ni Salim, huria wa Abu Hudhaifa, kwa kuwa ndiye aliyehifadhi Kurani zaidi. Salim hakuwa Mwarabu wa Makka wala wa Madina. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Na miongoni mwa waliopanga safu nyuma yake ni Umar bin Khattab, na haikupokewa kuwa Umar alimvuta kanzu.

Kwa kijana tumeandika barua mbali, na hapa twataja lile linalowahusu wasomaji. Ameuliza pia kama vitabu na mashairi yetu ya zamani yenye neno lile yafutwe. Tumemjibu yasifutwe. Yasomeshwe na neno lake limo, na mwalimu asimame hapo aseme lilitoka wapi na lilimtendea nani nini, kama anavyostahili kusimama mwalimu wake wa Migori kwenye maelezo ya Hume chini ya ukurasa. Na tumemtaka, chuo kitakapofungwa, aje atusomeshee kisa cha Rasselas katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha. Nauli ya kutoka Homa Bay imekwisha kutolewa na ndugu wawili wa darasa, na mmoja wao ni katika wale walioshauri tulinyamazie suali la pili.